Mchinjaji wa Wajaini

Mume wangu Gidion haogopi kitu isipokuwa damu. Kwa ukoo wa wafugaji wa hapa Tumati, hiyo ni sawa na kusema haogopi kitu isipokuwa kuishi. Nakueleza mapema usije ukanilaumu baadaye. Mwanaume wa huku anaweza kuwa mlevi, anaweza kuwa mvivu, anaweza hata kusinzia msibani na watu wakamsamehe. Lakini akishapewa kisu, kondoo amelazwa mbele yake, halafu akakiweka kisu chini, hilo halisahauliki.

Naye alikiweka. Alikuwa kijana aliyetoka kumaliza kidato cha nne, na nyumbani kwao kulikuwa na sherehe ya kipaimara cha mdogo wake. Baba yake, Mzee Tluway, akamkabidhi kisu mbele ya wakwe na majirani, maana kijana wa kwanza ndiye anayepewa heshima hiyo. Gidion akamwangalia kondoo, kondoo akamwangalia Gidion. Basi mume wangu akakiweka kisu juu ya majani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima, akatimua mbio kuelekea shamba la maharage. Wale waliomshika kondoo walicheka mpaka mikono ikalegea, na kondoo naye akachomoka akakimbilia mlimani. Mpaka leo wazee wanapotaka kukumbuka mwaka ule husema ni mwaka ambao Gidion na kondoo waliagana.

Kondoo alikamatwa akaliwa. Gidion alirudi jua linazama. Mzee Tluway hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia tu, "Sahani yako iko kule kwa kina mama." Na tangu siku hiyo, kwenye kila sherehe na kila kikao cha ukoo, wanaume wanakaa kwenye mabenchi upande wa zizi, wanawake tunakaa upande wa jiko, na sahani ya Gidion inaletwa kwetu. Nilimkuta hapo nilipoolewa. Mimi Marieta nilidhani nimepata mume mpole anayependa kukaa na mke wake, kumbe nimeolewa na mtu aliyefungwa kifungo cha uwanjani.

Kitu kimoja tu mume wangu alikitaka duniani: sahani yake ivuke ule uwanja ikakae karibu na baba yake. Na kwa kuwa kisu kilimshinda, akaamua kwamba elimu itamvusha. Akasoma ualimu, akaenda chuo kikuu, akarudi kufundisha historia na uraia sekondari. Kila alipopata cheti alikipeleka kwa baba yake. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza juu chini, akasema, "Hongera sana, mwanangu. Karibu chakula," akaelekeza kidole jikoni.

Basi Gidion akawa mtu wa kuomba kila kozi inayotangazwa kwenye simu. Aliomba ya kufuga samaki, na sisi hapa hatuna hata bwawa. Aliomba ya amani, aliomba ya nyuki. Zote kimya. Siku moja nikiwa nachambua vitunguu saumu barazani, akaja na simu mkononi, macho yamemtoka. Amekubaliwa kwenda India. Kuna taasisi huko inayowaita walimu kutoka kila pembe ya dunia, iwafundishe habari za dini ya Wajaini, ili nao wakaanzishe masomo hayo mashuleni na vyuoni kwao.

"Wajaini ni watu gani?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana wananiita."

Nikamfungia nguo. Alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda, amebeba begi la vitabu na cheti chenye maandishi yanayojikunja kama mche wa maharage. Tukakaa tumsikilize. Akasema Wajaini ni watu wa dini ya zamani sana, na jambo lao kubwa ni kutodhuru chenye uhai. Hawachinji. Hawali nyama, samaki wala mayai. Watawa wao wengine hufagia njia kwa ufagio laini wasije wakamkanyaga sisimizi, na wengine huziba mdomo kwa kitambaa ili pumzi yao isimdhuru mdudu. Hawali hata asali. Na wanaoshika dini sawasawa hawali mazao yanayong'olewa ardhini na mizizi yake, kwa sababu ukiling'oa umeua mmea wote na viumbe wanaokaa humo. Viazi, karoti, vitunguu.

"Na vitunguu saumu?" nikauliza.

Akaangalia nilipokalia. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la vitunguu saumu. Nyumba tunayokaa imejengwa kwa vitunguu saumu, na mtoto wetu Jenifa anasoma kwa vitunguu saumu.

"Hasa vitunguu saumu," akasema.

Sasa hapo usimwelewe vibaya, maana yeye mwenyewe alihangaika sana asieleweke vibaya. Kwa katekista, kwa mkuu wa shule, kwa jirani, kwa kila aliyemsalimia njiani alirudia maneno yale yale: "Mimi siamini, mimi nasoma. Haya ni mambo ya kitaaluma." Jumapili alikuwa kanisani wa kwanza. Jumatatu alikuwa shambani akinieleza uhai ulivyojaa ndani ya kitunguu saumu, mimi nikiwa nimeinama nang'oa, yeye amekaa kivulini na kitabu. Kisha akala vitunguu hivyo hivyo mchuzini jioni kwa hamu kubwa. Kitaaluma hakukuwa na tatizo.

Kitu alichokishika haraka kuliko vyote ni lile fundisho lao kwamba ukweli una pande nyingi na binadamu mmoja hawezi kuziona zote. Nikimwambia paa la jiko linavuja, ananijibu kwa upole kwamba kwa upande mmoja linavuja, kwa upande mwingine halivuji, na kwa upande wa tatu haielezeki. Nikamwambia apande juu akautafute huo upande wa pili, na apande na bati.

Lakini mimi nina macho. Mtu anayesoma tu hamtoi panzi ndani ya nyumba kwa kikombe na kipande cha karatasi, akamwomba na samahani mlangoni. Na Gidion alifanya hivyo tangu zamani, hata kabla ya India, ila zamani alifanya kwa kujificha. Sasa alifanya hadharani, na ukimuuliza anakutajia kitabu. Akisoma vile vitabu uso wake ulitulia, na mimi nilimwonea huruma kimoyomoyo, kwa sababu nilijua anachokisoma ni habari zake mwenyewe.

Shuleni akaanzisha klabu. Wanafunzi walijaa wiki ya kwanza wakidhani watapelekwa India, wiki ya pili wakabaki wachache wanaopenda kubishana. Katibu wa klabu akawa Mwalimu Agustino wa jiografia, mtu mwema, mcheshi, anayependa nyama kuliko anavyopenda likizo. Ukimuuliza Agustino Wajaini wanaamini nini, anacheka na kusema yeye kazi yake ni kuandika mihtasari.

Ndipo ile taasisi ikatangaza nafasi moja ya shahada ya uzamili kwa mwalimu wa Afrika Mashariki. Miaka miwili kulekule India, akirudi aanzishe somo hilo chuoni. Shule itoe majina mawili, na profesa wao atakuja mwenyewe kuwaona. Gidion akaandikwa. Agustino naye akaandikwa ili yatimie mawili.

"Mama Jenifa," mume wangu akaniambia siku hiyo, "nikirudi na shahada ya uzamili, baba hataweza tena kunipeleka kwa kina mama."

"Baba yako anaweza kumpeleka hata askofu," nikamwambia. Lakini nilimwombea, nisiseme uongo. Nilitaka aipate kuliko nilivyotaka mvua.

Habari za mgeni zikamfikia Mzee Tluway, na mzee akasisimka. Profesa mzungu, mama mtu mzima, anakuja kwa ajili ya mtoto wake. Akatenga kondoo dume aliyekuwa anamlea kama mjukuu, mwenye mkia mnene unaotikisika akitembea. Akamwita Bwana Abdillah.

Bwana Abdillah ni mfanyabiashara wa Dongobesh, ndiye anayenunua vitunguu saumu vyetu, na ndiye mchinjaji wa sherehe zote za upande huu. Sisi wengi ni Wakristo, lakini kwenye sherehe Waislamu hawakosi, kwa hiyo anaitwa Mwislamu achinje, kila mtu ale kwa amani. Hakuna aliyetufundisha na hakuna anayeuliza. Mgeni anachinjiwa na mtu wa dini yake, yaani ni adabu ya kawaida kama kumwekea mtu maji ya kunawa.

Sasa Abdillah akauliza swali la kawaida la mchinjaji. "Huyo mgeni ni dini gani?"

"Amekuja kwa mambo ya Wajaini," Mzee Tluway akajibu.

Abdillah akashika ndevu. Akasema kwa heshima zote kwamba hilo litamshinda. Mwislamu anamjua, Mkristo anamjua, lakini masharti ya Mjaini hayajui. Labda kuna maneno yanayosemwa, labda kuna upande wa kuelekea. Akichinja yeye, mama wa watu akala kitu kilichoharamishwa kwake, nani atajibu mbele ya Mungu? Haiwezekani. Atafutwe mchinjaji wa Wajaini.

Wakafikiri. Dongobesh hakuna. Mbulu mjini hakuna. Katesh labda, lakini nani anamjua. Halafu mzee mmoja akakumbuka kwamba katika wilaya nzima mtu mwenye cheti cha Ujaini ni mmoja tu, na anakaa hapo ng'ambo ya korongo.

Gidion alipoletewa habari hizo, uji ulimpalia. Akaenda kwa baba yake, mimi nikamfuata nyuma maana nilijua patachimbika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeambiwa kazi yako?"

"Baba, Wajaini hawachinji."

"Najua watu wengi wasiochinja wenyewe. Nani anawachinjia?"

"Hakuna. Hawali nyama kabisa."

Mzee akamtazama mwanawe. Nyuma yake wazee wengine walikuwa wanatazama chini, wamebana vicheko. Unaona shida ilipokuwa. Maneno hayo yangesemwa na mtu mwingine yeyote, Agustino kwa mfano, wangeyakubali na kushangaa kidogo. Lakini yalitoka mdomoni mwa yule yule aliyeagana na kondoo.

"Gidion," mzee akasema polepole, "umekwenda mpaka India kutafuta dini inayoruhusu kuogopa damu."

Mume wangu akajaribu kueleza kwamba hata huyo profesa si Mjaini, ni mtafiti tu, anaisoma dini hiyo bila kuwa ndani yake. Hapo ndipo alipoharibu zaidi. Mzee akauliza inakuwaje mtu afundishe maisha yake yote dini isiyo yake, huyo si sawa na katekista ambaye hajabatizwa? Akamwambia aende akanoe kisu.

Na mume wangu mwenyewe, aliyekuwa anajua profesa si Mjaini, alikuwa amemuuliza kwa simu anakula nini. Profesa akajibu anakula kila kitu, wasijisumbue. Unadhani Gidion aliamini? "Ni mtihani huo," akaniambia. "Mtu wa kiwango kile, aliyesoma vile, hawezi kula nyama." Akaniagiza jikoni kwangu kusiwe na nyama, yai, asali, kiazi, kitunguu maji wala saumu. Nikahamisha magunia yote barazani nikayapeleka stoo ya jirani. Nikafagia, nikamwagia maji, nikachoma majani yenye harufu. Nyumba ikaendelea kunuka saumu, kwa sababu inanuka saumu tangu tulipoijenga. Nikapika ugali, maharage na mboga za majani bila chochote ndani. Kile kilikuwa chakula cha mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji.

Mgeni akaja. Mama mrefu, nywele nyeupe, viatu vya kupandia mlima. Alimpa Mzee Tluway shikamoo ya kueleweka, mzee akafurahi mno. Mengine alisema kwa Kiingereza, Agustino akatafsiri. Asubuhi walikaa darasani, Gidion akafundisha, na waliokuwepo wanasema alifundisha vizuri sana. Mwishoni profesa akamuuliza yeye mwenyewe amesimama wapi katika mambo hayo.

"Nimesimama nje," Gidion akajibu. "Naangalia."

Profesa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Agustino aliniambia baadaye kwamba pale pale alijua nafasi ni ya Gidion, na wala hakuumia. Mume wangu akaja nyumbani anatembea kama mtu aliyeongezewa urefu.

Uwanja wetu ulikuwa umejaa. Wanaume kwenye mabenchi yao upande wa zizi, profesa ameketishwa katikati yao kwenye kiti chetu chenye mgongo. Sisi upande wa jiko. Kondoo amelazwa juu ya majani, ameshikwa miguu. Mzee Tluway akasimama na kisu, akamkaribisha mgeni, akasema nyumba hii haijawahi kumlisha mgeni nyama isiyo halali kwake, na leo pia hailishi. Mchinjaji wa dini yake yupo, ni mtoto wake wa kwanza, amesomea. Akamgeukia Gidion akamkabidhi kisu, na kwa sauti ya chini, ambayo sisi wa karibu tuliisikia, akasema, "Leo ndiyo siku yako, mwanangu."

Hakusema kwa kejeli. Hilo ndilo lililoniuma. Mzee yule alikuwa anamwombea.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, na nakwambia, niliona jambo lote kwa mara moja. Akichinja, sahani inavuka uwanja leo leo. Akichinja, profesa naye anaona kwa macho yake kwamba huyu mtu kweli amesimama nje, anaisoma tu, haimgusi. Baba yake na India, vyote viwili vilikuwa kwenye ncha ya kile kisu. Kilichohitajika ni kukivuta mara moja. Nikasema moyoni, vuta, mume wangu, vuta tumalize.

Gidion akainama. Kondoo akamwangalia. Profesa akainua simu apige picha.

Mume wangu akakiweka kisu juu ya majani, taratibu vile vile. Mtu mmoja kwenye mabenchi akaanza kucheka, maana sote tulikuwa tunaitazama njia ya shamba la maharage. Lakini Gidion hakukimbia. Alinyanyuka akasimama mbele ya baba yake, mikono imening'inia, na machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Baba, siwezi. Na si kwamba naogopa, ingawa naogopa pia. Nimewaambia watu wote mimi nasoma tu. Sikuwa nasoma tu. Tangu nikiwa mdogo sikutaka kumtoa kiumbe roho, na nilidhani ni ugonjwa, nikaona aibu. Kule nilikuta watu ambao kwao siyo aibu. Basi. Ukitaka nirudi kwa kina mama nitarudi, lakini kisu hiki sitakishika tena."

Agustino akatafsiri neno kwa neno, na kusema kweli alitafsiri vizuri kuliko siku zote. Profesa akashusha simu. Uso wake ulikuwa wa huruma, ila ilikuwa huruma ya daktari aliyekwisha kusoma majibu.

Akamwomba Agustino amweleze mzee kwamba yeye si Mjaini na hajawahi kuwa, kwamba ametoka India juzi tu, wiki nzima alikula dengu, na kondoo huyu anaonekana mzuri sana. Agustino alilitafsiri hilo kabla mama wa watu hajafunga mdomo. Bwana Abdillah akapumua, akanawa mikono, akamwelekeza kondoo kibla, kazi ikaisha.

Profesa alikula, tena akaomba aongezewe mkia. Alipoonja maharage yangu akatafuna kidogo, akatabasamu, akauliza kama naweza kumpatia kitunguu saumu, maana amesikia vya Mbulu vina sifa. Nikaenda stoo ya jirani, nikaleta kichwa kizima na udongo wake, nikakiweka mbele yake. Gidion alikuwa ameshajipeleka mwenyewe upande wetu, anakula maharage na mtoto wa mtu amemkalia mapajani.

Kabla ya kuondoka profesa alituita pembeni. Aliongea kwa upole, Kiingereza cha kunyooka ambacho hata mimi nilikifuata. Alisema Gidion ni mwalimu mzuri na mtu mwema. Lakini nafasi ile ni ya mtafiti, mtu anayeweza kuitazama dini kwa mbali na kuiandika bila upendeleo, na yeye ameshaingia ndani. Mwalimu Agustino, kwa upande mwingine, alimwambia wazi garini kwamba hana hisia zozote juu ya Ujaini. Jambo hilo lilimfurahisha sana.

"Asante sana," mume wangu akasema. Mimi nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikamwambia yule mama kwamba amemla kondoo mpaka mkia, halafu anamkataa mtu pekee aliyekataa kumwua, na kama huo ndio usomi basi wausome wenyewe. Nilisema kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, na Agustino kwa mara ya kwanza siku hiyo akashindwa kutafsiri.

Agustino yuko India sasa. Kila wiki anatuma ujumbe. Anasema masomo ni mepesi, shida ni chakula, bwenini hairuhusiwi hata yai, na usiku anaota mkia wa kondoo. Gidion anamjibu kwa uvumilivu na kumwelekeza vitabu vya kusoma, na mimi najua kazi zake za darasani nyingine zimeandikwa barazani kwangu, juu ya gunia. Kwa njia hiyo usomi wa Ujaini unaenea duniani.

Mzee Tluway hakuja kwetu miezi mingi. Ukipita kwake anaitikia salamu, basi. Gidion hakulalamika, ila alikuwa akimaliza kula anabaki ameshika sahani tupu. Watu kijijini hawakucheka tena, na hawakusema lolote pia, kwa sababu hawakujua waseme nini. Mtu aliyekimbia tunamfahamu. Huyu aliyesimama tukawa hatujui tumweke wapi.

Kikaja kipaimara cha Jenifa, na tukakifanyia nyumbani kwa mzee. Asubuhi na mapema niko jikoni na kina mama, masufuria yako motoni, mara mlango ukatiwa giza. Mzee Tluway ameingia. Mzee yule hajawahi kuingia jikoni tangu nimjue. Tukasimama wote tukamwamkia, akaitikia, akavuta kigoda cha kina mama akakalia, magoti yakamfika kidevuni.

"Ya Gidion ni ipi?" akauliza.

Tukatazamana. Nikamwambia Gidion atakula maharage haya haya ya wote.

"Hayo yametiwa mchuzi wa nyama. Tafuta sufuria ndogo. Na mwiko wake, usiochanganywa."

Nikatafuta. Nikabandika maharage mengine, na mzee akakaa pale akiyalinda kwa fimbo. Shemeji yangu mmoja alipokuja na kipande cha mafuta ya mkia, ili angalau yapate ladha, mzee akamzuia.

"Huyo ana dini yake," akasema. "Bwana Abdillah tunamheshimu na ya kwake, huyu tumkosee kwa nini? Mwanzo alikimbia. Safari hii alisimama, nilimwona." Halafu akanigeukia. "Na kitunguu usitie. Wala saumu. Walisema hawali vya ardhini."

Nilitaka kumwambia kwamba mwanawe anakula saumu kama sisi sote, kwamba saumu ndiyo iliyomsomesha Jenifa. Nikaufunga mdomo wangu.

Chakula kilipoiva wanaume wakakaa kwenye mabenchi yao. Gidion akanawa akaja upande wa jiko kama kawaida, akatafuta pa kukaa kati yetu. Mzee Tluway akaibeba ile sufuria ndogo mwenyewe, kwa mikono yote miwili, akapita katikati ya uwanja mbele ya wakwe, mbele ya katekista, mbele ya Bwana Abdillah, akaiweka kwenye benchi lake, pembeni yake. Akaita, "Gidion."

Mume wangu akanitazama mimi kwanza. Halafu akavuka. Nilimwona anainama kumnong'oneza baba yake, na nilijua anachosema, kwa sababu anakisema kwa kila mtu.

"Baba, mimi ni Mkatoliki."

"Kula," mzee akasema.

Maharage yale mimi ndiye niliyeyapika, kwa hiyo nina haki ya kusema. Yalikuwa na maji na chumvi tu, hayana ladha hata chembe. Gidion aliyamaliza yote, akaifuta na sufuria kwa ugali.